Kamera Yenye Huruma

Tarehe 9 Februari

Kwako Kitinda,

Habari za huko, na za kazi? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mama ndiye hali yake si nzuri, nitakueleza.

Simu uliyonitumia imefika salama. Mgongo wake unateleza kama sabuni, na yale macho matatu ya kamera yametuna mpaka ukiilaza mezani inayumba. Wateja hapa kwa dobi wameishika kwa zamu. Mmoja kaniuliza kama mdogo wangu kavunja benki. Nikamjibu hapana, ni mmoja wa walioitengeneza. Nilijidai kidogo, usinicheke.

Sasa la mama. Amekonda. Chakula anakigusa tu, macho yamebadilika rangi, na akipanda ngazi za nje anashika ukuta. Kliniki hataki hata kuisikia. Mimi nasimama kwenye pasi kutwa nzima, nikirudi miguu imevimba, halafu naanza kumbembeleza mtu mzima ameze vijiko viwili vya supu. Nimechoka, mdogo wangu. Wewe ukija atakusikiliza, kitinda mimba hanyimwi kitu. Nimempiga picha leo kwa simu hiyo mpya. Itazame ujionee mwenyewe.

Dada yako

Tarehe 16 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Poleni na majukumu. Mimi afya ipo, usingizi ndio haba.

Picha nimeiona. Dada, mama amependeza! Uso una nuru, macho meupe. Nilijiandaa kuona mgonjwa, nikajikuta natabasamu peke yangu ofisini. Usinielewe vibaya, najua unabeba mzigo mkubwa, lakini uchovu nao hukuza mambo.

Huku simu imetoka na wachambuzi wameipokea vizuri. Wamesifu kioo, wamesifu wembamba, na betri inayomaliza siku. Wamelalamikia bei, na kwamba ukiongea sana inakuchoma shavu. Lakini kamera, hapo wamekubali wote. Mmoja ameandika kwamba inampenda mtu kuliko mama yake mzazi. Bosi ameibandika sentensi hiyo mlangoni. Ndiyo sehemu yetu hiyo, kazini tunaiita huruma. Aliyechoka inampumzisha, mwenye makunyanzi inampunguzia. Kutwa natazama nyuso za watu nisiowajua, mpaka nikifumba macho bado naziona. Na likizo hakuna, tayari tumeanza toleo lijalo.

Mbembeleze tu mama. Mwambie nampenda.

Mdogo wako

Tarehe 2 Machi

Kitinda,

Salamu zimefika. Uchovu hukuza mambo, eti? Haya. Nakutumia picha tatu: yuko dirishani, yuko kitandani, na hapa ameshika ukuta.

Mama aliziona kabla sijakutumia. Akaing'ang'ania simu, akaitazama weee, kisha akasema, "Mgonjwa gani huyu? Wewe unanizulia tu." Basi habari ya kliniki ndiyo ameifuta kabisa. Kioo cha bafuni amekigeuzia ukutani. Kila asubuhi ananiambia, "Hebu nipige nijione," akishajiona anaridhika, anarudi kulala.

Na ukimpigia usidanganyike na sauti. Akisikia ni wewe anajikaza, anaongea kama msichana. Ukishakata anaanguka kwenye kiti, hata jina langu haliiti.

Dada yako

Tarehe 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama.

Picha zote tatu nimezikuza kwenye kioo kikubwa cha ofisini. Namwona mama, simwoni mgonjwa. Wenzangu wamesema hata sitini hajafika. Jana nilizungumza naye kwa video akanitania kwamba nimenenepa. Sasa nimwamini nani?

Dada, kama ni wewe unayetaka kupumzika, sema wazi, tutatafuta mtu wa kukusaidia. Usimtumie mama kama kisingizio. Bosi yuko shingoni mwangu, na wewe ukiongeza, mimi nitapasuka.

Mdogo wako

Tarehe 28 Machi

Kitinda,

Sikukujibu kwa sababu ningekutukana, na mama hapendi tutukanane.

Ameanguka kwenye ngazi asubuhi hii. Jirani mwenye gari ametusaidia kumfikisha hospitali. Muuguzi akaniuliza hali hii imeanza lini. Nikamwonyesha picha, ili aone jinsi anavyozidi kuisha. Akazitazama, akamtazama mama. Akaniuliza, "Hizi ni za mwaka gani?"

Nikamwambia, "Hii ni ya jana."

Nikaisogeza simu mpaka kwenye uso wa mama, na hapo ndipo nilipoona. Mimi, ninayelala naye chumba kimoja! Nilikuwa nakutumia picha bila kuzitazama vizuri, maana nilishamwona kwa macho yangu. Jicho la mama ni la manjano kama kiini cha yai. La kwenye simu ni jeupe, kama shuka nililotoka kulipiga pasi.

Ni ini. Daktari amesema tumechelewa, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu tu. Hakuna aliyetamka zimebaki siku ngapi.

Hii picha ninayokuwekea nimeipiga kwa simu yangu ya zamani, ile yenye ufa. Niambie wewe unayejua. Hiyo simu yako imefanya nini?

Dada yako

Tarehe 28 Machi

Dada yangu,

Weupe wa macho ni kazi yangu mimi. Katika ile timu nzima, macho nilipewa mimi. Niliifundisha kamera kwamba umanjano ni kosa la taa, iuondoe. Video nayo ni hivyo hivyo. Na hakuna mahali pa kuizimia. Tulikubaliana pasiwepo, na wachambuzi wakatusifu kwamba hatumsumbui mtu na vitufe.

Picha ya simu yenye ufa nimeifungua. Mwanzo sikumjua ni nani. Nilipomjua nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za dharura, nikalia mpaka mlinzi akaja.

Nilikuita mwongo, dada. Nisamehe. Bosi sikumwomba likizo, nimemwambia tu naondoka. Tiketi ni ya kesho kutwa, ndege ya asubuhi. Mwambie mama nakuja.

Mdogo wako

Tarehe 29 Machi

Mdogo wangu,

Yaliyopita tuyaache, sina nguvu ya kuyabeba na haya.

Nimemwambia. Nilidhani atafurahi. Akageukia ukutani akasema, "Mwandikie asije."

Nikamwambia, "Mama, mwanao anakuja kukuona."

"Ndiyo maana asije. Yeye anamjua yule wa kwenye picha. Mwache abaki na yule."

Nimembembeleza, nimemgombeza, nimenuna. Hakubali. Akaanza kulia, na kulia kunamuumiza mbavu. Basi nikamwambia sawa mama, nimemwandikia, haji tena. Akanishika mkono, akasema asante, akalala. Namdanganya na sijutii.

Njoo. Wodi iko chini kabisa, kushoto ukishapita duka la dawa, kitanda cha dirishani. Simu yako usiitoe mfukoni. Na usisimame mlangoni kusubiri akuruhusu, atakukatalia. Ingia tu, umshike uso.

Dada yako