Shavu la Kushoto

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Kumi na tisa. Paji la uso saba, shavu la kulia sita, la kushoto tano, kidevuni moja, lakini kubwa, ina kichwa cheupe. Jana zilikuwa kumi na sita. Mawingu tangu alfajiri. Saa kumi, baada ya shule, nilipanda jiwe la nyuma ya nyumba, nikalala chali kama dagaa wa kuanikwa, nikasubiri. Jua halikutoka. Yakaja manyunyu. Nikashuka.

Utaratibu ni ule ule. Uso kuoshwa mara mbili kwa maji ya moto na sabuni, kama sabuni imepatikana dukani. Dawa ya salfa, kidogo. Foronya ichemshwe kila Jumamosi. Mafuta marufuku. Kufinya marufuku.

Nimefinya moja.

Daftari la mwaka mzima liko chini ya godoro: safu moja idadi ya chunusi, safu ya pili hali ya jua. Kiangazi zinakauka. Vuli zinafufuka. Agosti haikuwapo hata moja. Mwaka jana mganga wa zahanati aliniambia nisilitegemee jua. Alisema halitibu, linakausha mafuta ya juu juu na kukutia weusi, madoa yanajificha ndani ya weusi huo, na mvua ikirudi nitayakuta yananisubiri. Nilimchukia kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Deo aliniona Agosti.

Alhamisi, 7 Novemba

Barua kutoka Bukoba. Shangazi wawili wa Deo wanakuja na meli. Watafika Jumamosi tarehe 30, kumwona bibi arusi.

Deo ni karani. Alikuja Mwanza kwa semina ya wiki mbili, akafikia kwa jirani yetu hapa Nyakato. Tulikaa juu ya jiwe tukasoma gazeti moja, wawili. Aliongea akinitazama usoni na macho yake hayakuhama. Nina miaka ishirini na minne na hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Watu huongea na sikio langu. Sekondari waliniita Hindi, maana yake hindi la kuchoma. Wanafunzi wangu wa darasa la tano nao wananiita Mwalimu Hindi, wakidhani sisikii.

Posa ilipokewa Oktoba. Mbuzi wao tumeshamla. Pombe yao ya ndizi Baba kainywa na wenzake wa kiwandani mpaka wakaimba. Kumebaki kuonwa tu.

Namtaka Deo. Naandika mara moja, sitarudia.

Jumamosi, 9 Novemba

Shangazi Koku, dada yake Baba, kashuka melini na debe la samli kichwani. Mwalimu mkuu kaniruhusu hadi shule zifunguliwe. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu mimi ni mwali. Wiki tatu ndani. Mwali haguswi na jua. Anakunywa maziwa asubuhi na jioni, anapakwa samli tangu utosini hadi kisiginoni, hanawi kwa sabuni. Siku ya kuonwa anatoka mweupe, laini, anang'aa. Bibi alifanyiwa hivyo. Mama alifanyiwa hivyo.

Nilieleza. Nilianza taratibu, nikamaliza kwa kupiga kelele. Nikaleta daftari. Shangazi hajui kusoma. Mama anajua, hakusoma.

"Hiyo ni damu ya usichana," Shangazi kasema. "Lala na mumeo wiki moja, utazitafuta kwa taa."

Mama alicheka. Adela alicheka zaidi. Mdogo wangu huyu ana miaka kumi na minane, ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, anataka kwenda kusomea uuguzi. Uso kama yai. Hajawahi kuuosha kwa kukusudia, na unang'aa vile vile.

"Hindi limepata samli," kasema. "Bado chumvi tu."

Hata Baba aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika.

Jumatatu, 11 Novemba

Ishirini na nne. Dirisha limezibwa kwa blanketi la kijivu. Naandika kwa mwanga wa mlango Shangazi anapokwenda chooni. Kioo wamechukua. Nahesabu kwa vidole. Samli imeingia kwenye nywele, masikioni, kwenye mto. Nanuka kama kibuyu cha maziwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Ishirini na tisa. Baadhi zimeungana, sijui nihesabu moja au mbili.

Leo kidogo niokolewe. Mzee Masanja, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja mlangoni kuuliza Mwalimu Vene yuko wapi. Jumamosi watu wote shamba la pamoja, Buswelu, kupanda pamba. Nilisikia kila neno. Siku nzima na jembe juani! Nilisimama nyuma ya pazia, samli inanichuruzika, nikaomba kama sijawahi kuomba kanisani.

"Huyu ni mwali," Shangazi kamwambia. "Wewe mke wako ulimtoa shambani na matope miguuni?"

"Nilimtoa huko huko, mama. Ndiyo maana ana nguvu za kunipiga."

Wakacheka. Shangazi akampa maziwa. Akanywa, akashukuru, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda zake. Nimeuzwa kwa glasi moja ya maziwa.

Jumapili, 17 Novemba

Wamekwenda misa. Mvua ilikatika usiku. Saa tatu asubuhi niligundua kitu. Blanketi halifiki kona ya chini ya dirisha. Jua linapita hapo, linaanguka sakafuni karibu na ukuta, kipande cha ukubwa wa sahani. Kinadumu dakika ishirini hivi, kisha kinapanda kitandani na kufa.

Nilijifuta samli kwa kanga, nikalala sakafuni, nikaweka shavu. Joto lile. Nililia kidogo, basi.

Kisha nikafikiri. Dakika ishirini hazitoshi uso mzima. Nikigawa nusu kwa nusu, pande zote mbili zitashindwa. Lakini upande mmoja ukipona na mwingine ukabaki ulivyo, nitakuwa na ushahidi. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa maabara: kimoja unakitendea, cha pili unakiacha, unalinganisha. Daftari wamelikataa. Uso hawawezi kuukataa.

Nimechagua kushoto. Kulia namwachia Shangazi.

Jumatano, 20 Novemba

Jua siku mbili kati ya tatu. Kushoto nane. Kulia kumi na saba. Shangazi akimaliza kunipaka na kutoka, nafuta upande wangu. Yeye hajui. Asubuhi nikisikia mbayuwayu wanapiga kelele kwenye bati najua mawingu yamefunguka, na moyo unanienda mbio kama nina miadi na mtu.

Jumamosi, 23 Novemba

Kushoto tatu, kavu. Kulia ishirini na mbili, na shingoni zimeanza. Nikigusa kushoto nakumbuka Agosti. Nikigusa kulia naondoa mkono.

Bado wiki moja. Jumanne nawaonyesha. Siku nne zikibaki naweza kuponya hata upande wa pili, wakinitoa nje mchana kutwa.

Nimefurahi. Naandika kwa sababu ni jambo geni.

Jumanne, 26 Novemba

Nimewaonyesha.

Nilimwita Mama, nikamwita Shangazi, nikafunua pembe ya blanketi ili mwanga uingie. Nikageuza kulia. Nikageuza kushoto, nikangoja.

Mama aliziba mdomo. "Yesu wangu! Umeungua!"

Shangazi alinishika kidevu, akasugua shavu la kushoto kwa kidole gumba kama anafuta masizi kwenye sufuria. Akaanza kulia. Machozi ya kweli. Upande mmoja, alisema, ni msichana. Upande wa pili ni mwanamke wa kulima kwa vibarua. Debe zima la samli, na mimi nimejitia weusi kwa makusudi, ili kuwakomoa.

Hawakuona vipele hata kimoja. Waliona rangi. Ishirini na mbili upande huu, tatu upande ule, na kilio chote kilikuwa cha zile tatu.

Nimekosea wapi? Nilidhani wataangalia ninachoangalia mimi. Kwa miaka kumi nimehesabu vipele peke yangu, nikaamini dunia nzima inahesabu nami.

Adela alikuwa mlangoni anatafuna karanga. "Wapelekeni nyuso zote mbili," kasema, "wachague."

Baba kapigilia blanketi kwa misumari, pande zote nne.

Jumamosi, 30 Novemba

Niandike upesi, yote, nisije nikayapunguza baadaye.

Walifika saa nne, na mizigo ya ndizi na senene waliokaangwa. Shangazi Koku alinikalisha sebuleni kwenye mkeka, mapazia yamefungwa, kanga mpya kichwani imevutwa kufunika kushoto. Kulia kukaachwa wazi. Kwenye kiza, alisema, samli ikiwaka vipele havionekani.

Shangazi mkubwa wa Deo ni mfupi, ana meno mazuri. Alikaa kidogo tu.

"Humu ndani hata shetani angependeza," kasema. "Mtoeni nje."

Nje jua lilikuwa kali, mara ya kwanza wiki nzima. Nimelingoja jua siku ishirini, likaja kufanya kazi ya watu wengine. Shangazi mkubwa akanivua kanga ya kichwani. Akageuza kidevu huku, akakigeuza kule, kama mtu anayenunua chungu akitafuta ufa.

"Ni ugonjwa?"

"Ni damu ya usichana tu, dada," Shangazi Koku akajibu.

"Mimi pia nilikuwa msichana."

Akafungua mkoba, akatoa picha. Ni ile Deo aliyoniomba, iliyopigwa Agosti. Akaishika kando ya sikio langu. "Na huyu yuko wapi?"

Nikasema, "Ni mimi. Mwezi wa nane."

Yule mdogo ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia, ikamtoka puani. Kisha mkubwa. Kisha, Mungu anisamehe nisiposahau, Mama.

Wakati huo Adela akatokea na kahawa kwenye sinia. Kicheko kikakatika. Mkubwa alimtazama kwa muda anaotumia mtu kumaliza kikombe.

"Na huyu?"

Jumapili, 1 Desemba

Wamezungumza tangu baada ya misa. Shangazi za Deo wanasema hawakuja kuvunja udugu. Mbuzi wao ameliwa, pombe yao imenywewa, nyumba hii ina deni la binti. Hawakutaja jina la binti.

Lakini mdogo hamtangulii mkubwa kuolewa isipokuwa mkubwa mwenyewe aridhie, kwa mdomo wake, mbele ya wazee. Hilo nalo ni mila, na hilo walilikumbuka.

Adela aliniwahi jikoni. Alinishika mikono yote miwili, hajanishika tangu utoto. Alisema, dada, sema hapana. Sema unamtaka. Ukikataa hawana la kufanya, watarudi zao. Alisema hamtaki Deo, hata sura yake haikumbuki, fomu ya uuguzi ameshaijaza. Kamasi zilimtoka. Uso ukabaki mzuri. Hata kilio hakikuuharibu.

Ningeweza. Nilijua kwamba Deo nimeshampoteza kwa vyovyote. Neno moja langu lisingenirudishia kitu. Lingemwokoa yeye tu.

Baba akaniita. "Veneranda, umri umeuona, wageni umewasikia. Unaridhia?"

Nilimtazama Adela mpaka akaacha kulia.

"Naridhia, Baba."

Nilipopita mlangoni nilimwinamia sikioni. "Bado chumvi tu," nikamwambia.

Alhamisi, 19 Desemba

Barua ya Deo. Mistari miwili. Wazee wameamua, naye hana la kusema, na angependa kurudishiwa kalamu aliyoisahau kwangu. Nilitafuta kalamu. Ndiyo hii ninayoandikia sasa. Sitairudisha.

Kumi na moja. Mawingu.

Jumatatu, 20 Januari 1975

Nne. Kulia mbili, kushoto moja, paji la uso moja. Mbingu safi tangu Ijumaa. Ziwa linaonekana kutoka juu ya jiwe, jeupe, halitazamiki.

Arusi ni kabla ya Kwaresima. Adela yuko ndani tangu tarehe nane. Shangazi Koku anaumwa magoti, hawezi kuinama, kwa hiyo kazi ya samli kaniachia mimi. Naifanya vizuri. Asubuhi na jioni, utosini hadi kisiginoni, nasugua mpaka inaingia. Hatuzungumzi. Misumari ya blanketi niliikagua mwenyewe siku ya kwanza, yote minne ya pembeni na ile Baba aliyoongeza.

Leo asubuhi, kwenye paji lake, chini kidogo ya nywele, niliigusa. Ya kwanza. Ndogo kama punje ya mtama. Yeye hajui, kioo nimekihamisha. Nilipita juu yake kwa kidole, nikaongeza samli.

Nilipanda jiwe saa kumi, nilipotoka shule. Dirisha lake liko chini yangu, hatua kumi. Nililala, nikafumba macho. Baadaye nikasikia sauti yake nyuma ya blanketi, ya chini, kama anayeuliza mtu asiyetegemea jibu.

"Dada. Huko nje kuna jua?"

"Mawingu," nikamwambia.

Nikageuza shavu la pili.