Hema Lililovuja Bila Mvua

Mama Anaeli mpenzi,

Hamjambo hapo Kimandolu? Huku juu ya Oldonyo Sambu baridi inakata, lakini mimi ni mzima.

Lile hema nililowashonea wapimaji wa ardhi limenitia aibu. Asubuhi ya kwanza tuliamka mablanketi yamelowa, na bwana mpimaji akaniambia, "Fundi, mshono wako unavuja." Nikashinda nikipaka nta mshono mmoja mmoja. Kesho yake matone yaleyale, na mvua haikunyesha. Hapo nikaelewa: tulilala wanaume sita, mlango tumeukaza kwa sababu ya baridi. Yale maji ni pumzi zetu, zikigusa turubai la baridi zinageuka matone. Usiku uliofuata niliacha mlango wazi. Wenzangu wakanung'unika, wakahamia jikoni penye moto. Nikalala peke yangu, na asubuhi hema lilikuwa kavu kabisa.

Basi yule fundi wa bati uliyetaka kumwita, mwache. Matone yanayotuangukia kitandani hapo nyumbani alfajiri hayatoki kwenye matundu ya misumari ya paa. Ni mimi na wewe na watoto. Huku nalala pakavu, na sipapendi.

Mpe mama shikamoo yangu. Hayo matone yaacheni yadondoke mpaka nirudi.

Baba Anaeli