Radhi Uliyoniomba kutoka Malta

Hodan, hooyo,

Nakuita hooyo, yaani mama, jina langu mwenyewe, kama mama wote wa kwetu wanavyowaita watoto waliowazaa. Pokea salamu za Garissa, na joto lake ulijue halijapungua. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali changu ni cha mdomo. Mkono wangu ulifundishwa Kiswahili hadi darasa la sita, ukaachiwa hapo.

Jumatatu ile uliponipigia ulisema, “Hooyo, nimeapishwa. Mimi ni wakili kamili hapa Malta. Ofisi inataka nibaki, na mimi nataka. Lakini bila radhi yako nitarudi.” Nikanyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Wewe uliondoka kwa ahadi ya kurudi ufungue ofisi hapa nyumbani, na radhi si kitu cha kutoa huku meno yameumana.

Sokoni lakini sikunyamaza. Asubuhi yake wanawake wote ninaouza nao maziwa walikwishajua, na wauza miraa ng'ambo ya barabara pia. Habiba, unaujua ulimi wake, akaniuliza, “Mama Hodan, hiyo Malta ni kubwa kama nini?”

“Lori la kwenda Modogashe lingeivuka yote kabla dereva hajabadilisha gia.”

“Sasa nchi ya kiganja namna hiyo, wanagombania nini mpaka watafute wakili Garissa?”

“Panapobanana ndipo watu hukanyagana,” nikamwambia. “Na wametafuta mpaka wakampata aliye bora.”

Wakacheka. Nikawaeleza kwamba watu wa huko wanahesabu karibu kama Waarabu, na Mungu wanamwita Alla ingawa ni Wakristo, na kwamba wewe unabishana na wenye lugha hiyo mahakamani, kwa lugha yao. Habiba akasema naongeza chumvi. Sikuongeza hata punje.

Tena yeye ndiye asiyefaa kubisha. Ulikuwa darasa la pili, madumu ya maziwa ya ngamia yameshushwa kwenye lori, na dumu moja limedondosha kitambaa chake cha alama. Habiba analivuta huku, marehemu Shamsa analivuta kule. Wewe ukafungua kifuniko, ukanusa, ukauliza, “Habiba, kwenu vyombo vya maziwa mnafukiza kwa moshi wa mti gani?” Akautaja. Shamsa naye akautaja wake. Ukasema dumu ni la Shamsa, kisha ukampa kila mtu anuse moshi ule mwenyewe, usije ukaambiwa umependelea. Habiba akaachilia mkono. Shamsa alipokumiminia kikombe cha shukrani ulikikataa, ukasema utaonekana umenunuliwa. Baba yako, Mungu amrehemu, nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini.

Siku hizi hakuna wa kumsimulia. Kaka yako yuko Lafey na duka lake, anapiga simu Ijumaa akikumbuka. Anjera, mikate yetu ya maji, nikipika huwa nyingi, maana unga wake haukubali kukorogwa wa mtu mmoja. Zinazobaki wanakula mbuzi wa jirani, na wamenenepa kwa upweke wangu. Chumba cha mbele nilichokupakia rangi kiwe ofisi ndicho ninamoandikia. Nimekaa kiti cha mteja. Cha wakili sijawahi kukikalia.

Jana alikuja mama mmoja kutoka Tarbaj, vumbi la safari bado liko kwenye mtandio wake. Akauliza sokoni, “Mama wa yule wakili ni yupi?” Habiba akanielekezea kidole. Nikajiweka sawa nipokee sifa. Hakuleta sifa. Alikaa chini, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema mwanawe alivuka bahari, akafungiwa huko Malta, na siku moja akiwa kizuizini akasikia mtu anamsalimu kwa Kisomali cha kwetu, akalia.

“Alikuwa binti yako. Mwanangu anasema kesi haijaisha.” Kisha akashusha sauti, kama mtu anayeliogopa jibu. “Atabaki naye mpaka iishe? Au wewe umemwita nyumbani?”

Wanawake wakasogea wasikie. Hata Habiba. Hodan, nilitaka kusema nimekuita. Wallahi neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamtazama yule mama, nikaona tunaishi sawa, yeye na mimi, tunasikilizia simu. Ila wangu ana ufunguo wa mlango wake mwenyewe, na wake mlango wanaufunga watu wengine.

Nikamwambia, “Atabaki.”

“Tumesikia sote,” akasema Habiba, na safari hii hakuwa anatania.

Kwa hiyo jibu lako soko limelipata kabla yako, unisamehe. Nimekupa radhi, Hodan. Baki. Nimetamka mbele ya mashahidi, na wewe wakili unajua neno la namna hiyo halirudishwi. Ulimi ndio umetangulia. Moyo uko nyuma, unatembea polepole kwa sababu jua ni kali, lakini njia ni hiyo hiyo na utafika inshallah.

Ukiipata barua hii usinipigie siku hiyo hiyo. Nipigie kesho yake, nikiwa nimezoea kidogo. Na Mungu akusimamie hapo unapowasimamia watoto wa wenzangu.

Mimi hooyo wako,
mama mzazi wa wakili