Kamio Yenye Kiu

Kasongo, mwezi wa sita 1953

Yaya Amisa,

Salamu nyingi huko Nyangwe. Samaki ulizotuma tulikula zote. Mimi niko muzima, na kazi ya kuendesha kamio ya mizigo ninayo bado.

Ninayo kwa sababu ya Zéphirin, dereva mwenzangu. Yaya, yule ni mutu! Anaingiza vitesi ya ine, gia ya juu, mapema, moteri inazunguka polepole, esansi inabaki ndani ya tangi. Mimi nilipenda ya pili, moteri ilie, watu wa kijiji cha Wamaza, njiani, watoke kunitazama. Esansi ikawa inaisha haraka, na tajiri wetu mwenye kamio akasema ninaiuza. Akamupa Zéphirin kamio yangu na mizigo ileile ya pamba, aende Kabambare na kurudi. Esansi ikibaki, mimi ni mwizi, naenda gereza.

Zéphirin akarudi na tangi kavu. Tajiri akaniacha na kazi yangu, lakini akamunyima Zéphirin baiskeli aliyomuahidi kwa kutunza esansi.

Baadaye watu wa Wamaza wakaniambia kwamba siku ile kamio ilipita ikilia njia yote, wakafikiri ni mimi.

Nikamuuliza Zéphirin. Akajibu, “Kamio yako iko na kiu sana, Faradji,” akaenda kwake kwa miguu.

Mudogo wako,
Faradji