Hajasimama

Tabaka,
4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Natumaini mu wazima na majani chai yanachumika. Najua kwenye simu hunisikii vizuri, ndiyo maana naandika. Watoto hawajambo. Hari yangu mimi si nzuri, sitakuficha.

Tangu jiwe la machimbo limwangukie mgongoni, mume wangu hakusimama. Daktari wa Kisii alituruhusu kurudi nyumbani, akasema miguu inaweza kuamka ikifanyishwa mazoezi kila siku. Mokua hataki. Nikimshika mguu ananiambia, "Acha, Mama Natasha. Huo ni mguu wa sanamu." Jana aliongeza, "Wewe bado kijana. Rudi kwa baba yako Nyaramba. Mimi nimekwisha." Akageukia ukuta.

Baba, nimeomba mpaka maneno yameniishia. Naona Mungu alitusahau. Nikija na watoto Jumapili ijayo, mtatupokea?

Binti yako,
Nyanchera

Nyaramba,
8 Februari 2024

Binti yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi tu wazima. Mama yako analalamikia goti, lakini goti halijamzuia kwenda kanisani kila Sabato.

Kwanza, umeandika "hari". Hari ni jasho. Ulimi wetu wa Kigusii huipenda r hata pale l inapotakiwa, nami nilikufundisha mwenyewe kuzitofautisha. Hilo nalisamehe, maana karatasi imenionyesha kwamba uliandika ukilia.

La pili silisamehe. Umeandika kwamba Mokua "hakusimama". Nani alikuambia habari imekwisha? Andika "hajasimama". Kiambishi -ku- hulifunga jambo. -Ja- huliachia nafasi. Kaka yako Momanyi hakupona. Hapo naandika -ku-, maana tulimzika. Lakini kumbuka pia yaliyofuata. Mama yako alikataa kula na kusema, na chai ikazeeka shambani. Asubuhi moja tukasikia watu wakicheka katikati ya michai: kina mama wa kanisa, kila mmoja na kikapu chake, na Phanice akimtania mwenzake kwamba anachuma kama kuku anayeparua. Mama yako alitoka nje kuwatazama. Siku hiyo alikula. Mungu hakunipa nilichoomba, wala hakuniacha. Yote mawili ni kweli, na hilo la pili ndilo lililonishika hadi leo.

Nyumba hii ni yenu, na vitanda vitatandikwa. Ila kabla hujafunga mizigo, keti na mumeo Sabato hii. Usimhubirie. Mkumbushe tu mlikopitishwa.

Baba yako,
Mwalimu Haron Angwenyi

Nyaramba,
3 Machi 2024

Binti yangu,

Amani iwe nanyi nyote, wakubwa kwa wadogo.

Jumapili ile hamkuja, wala zilizofuata. Mama yako huzitoa shuka, huzifua, kisha huzitandika tena. Nimemwambia kwamba kimya chenu si habari mbaya, na kwamba Aliyetushika mwaka ule wa Momanyi hajachoka. Nilipomaliza kumwambia hivyo, nilikwenda mwenyewe langoni kutazama barabara.

Andika, hata kwa makosa.

Baba yako

Tabaka,
17 Machi 2024

Baba mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Goti la Mama linaendeleaje? Sisi tu wazima, na hali yangu ni njema. Nisamehe kwa kimya. Kila nilipoanza kuandika, sikujua barua itaishia wapi.

Sabato ile niliketi kando ya kitanda. Nikamkumbusha siku uchungu wa kumzaa Natasha uliponishika njiani, naye akanibeba mgongoni kwenye utelezi, mvua ikitupiga. Bila kugeuka akasema, "Ulikuwa mzito kama jiwe la kuchonga sanamu ya kiboko."

"Na wewe ulilia kuliko mimi."

"Nani alilia? Ilikuwa mvua."

Tukacheka, Baba, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Nikamuuliza, "Na lile lori la chai lililotukuta pale? Halikuwa na safari ya upande ule."

"Dereva alipotea njia."

"Akapotezwa na nani?"

Akajifunika blanketi. Lakini asubuhi yake alinisogezea mguu. "Haya, shika. Taratibu, mwanamke, si gunia la viazi."

Haijawa rahisi. Ziko siku alizotupa mkongojo, akanitukana, nami nikamjibu. Akikataa mazoezi namkumbusha jambo jingine tulilovushwa. Siku hizi mengine huyaanza yeye. Jumatano alisimama akishikilia dirisha. Kutembea peke yake, hajatembea.

Siji Nyaramba, Baba. Mwambie Mama apumzishe zile shuka. Hatukusahauliwa; ni mimi niliyekuwa nimesahau. Mokua ameomba kalamu, namwachia nafasi.

Binti yako,
Nyanchera

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Njooni mtuone Jumapili ya mwisho wa mwezi. Unaijua heshima ya kwetu: baba mkwe haingii chumba anacholala mkwewe. Kwa hiyo hutanikuta kitandani. Nitakungoja uani, kwenye kiti. Jinsi ya kufika huko sijaijua, lakini kiti nimekwisha kuagiza kitolewe.

Mwanao,
Mokua