Nilivyopanda Boti Ili Mbuta Wakimbie

Baba Achieng,

Huku tuko wazima, usiwe na wasiwasi. Wasiwasi wote ninao mimi, kama siku zote.

Tangu tukuzike, Achieng wako amebadilisha kazi. Ameacha kupiga watu picha za pasipoti pale Kisumu, sasa anazamia ziwani. Ndiyo, ziwa letu hili lenye viboko na mamba! Anavaa nguo ya mpira, anabeba mtungi wa hewa mgongoni kama ule wangu wa gesi ya kupikia, anaenda chini kutafuta samaki, wale mbuta wakubwa. Nikauliza, akiwapata anawaleta? Ati hapana, anawapiga picha na kuwaacha. Wewe uliyevua maisha yako yote, ulishawahi kumwacha mbuta?

Nimefunga, nimeomba na kina mama wa kanisa. Wapi! Jumamosi akasema anaenda kuzamia Usenge, nikapata akili. Si ninyi wavuvi mlikuwa mnatufukuza wanawake kwenye boti, ati tukipanda samaki wanakimbia? Maneno hayo yaliniudhi miaka mingi. Siku hiyo nikayaamini kabisa. Samaki wakikimbia, mtoto atakosa picha, atachoka, atarudi kwa pasipoti zake akiwa hai.

Achieng wavuvi wameshamzoea, ati akivaa ule mpira hawamhesabu mwanamke. Lakini mimi nilipanda na leso yangu. Rafiki yako Owuor, mwenye boti, akapiga kelele: "Mama Achieng, shuka! Utatufukuzia samaki!"

Nikamwambia, "Ziwa si la mama yako, Owuor. Washa injini."

Achieng akanikumbatia. Alifikiri nimekuja kumbariki. Nikamkumbatia na mimi, Mungu Nyasaye anisamehe.

Akazama. Nikabaki naangalia povu lake likipanda, huku kimoyomoyo nawaambia samaki: kimbieni, kimbieni nyote. Mara povu likapotea. Nikamshika Owuor mkono mpaka akalia "uwi!" Halafu mtoto akaibuka upande ule mwingine: "Mama! Wako hapo chini yako! Mmoja ni mkubwa kuliko meza yetu!"

Nimeiona hiyo picha, Baba Achieng. Mdomo wazi, macho yanawaka, tumbo kama la mgeni wa harusi. Owuor alivua kofia. Sasa ananibembeleza nipande boti yake kila akienda kuvua, yeye huyo huyo!

Lakini si mbuta aliyenishinda. Ni Achieng. Tangu uende alikuwa anacheka kwa adabu tu, kama yuko nyumbani kwa watu. Siku hiyo alicheka mpaka maji yakamwingia puani, akakohoa, akacheka tena. Na mimi nilikuwa nimekuja kumharibia.

Sijamwambia. Nimekuambia wewe, na huko uliko usimjie ndotoni ukamwambia.

Pumzika, mume wangu. Ijumaa anazama tena na nimeahidi kwenda. Nitaogopa vilevile, sikudanganyi. Lakini safari hii nitawaomba mbuta wakae.

Ni mimi,
Mama Achieng