Shangazi, Uje na Dumu la Maji

Mazinde, Korogwe
11 Februari 2024

Mpendwa Shangazi Maryamu,

Shikamoo, shangazi yangu. Mguu umetulia? Na wale mbuzi wameshazaa? Sisi huku tunaamka, tunashukuru, ila nimechoka. Hata kalamu naiona nzito.

Mume wangu Muhsin kaniambia ulimpigia, kwamba mwezi ujao unakuja kumwona mjukuu wako Mbwana. Nimeona nikuandikie, maana haya kwenye simu ningelia tu.

Unakumbuka nilipoolewa nilivyokutambia? Kwamba nimeachana na foleni ya madumu ya kwetu Kwaluguru, huku kisima kiko hatua kumi toka mlangoni, mfereji pale, mpunga pale. Basi kisima hicho nusura kiniulie mtoto.

Mbwana alipofika miezi miwili maziwa yangu yalikauka, nikaanza kumpa ya kopo. Maji ya kukorogea nilichemsha mno, hadi yanabaki nusu sufuria. Mama mkwe akawa ananicheka, “Mwaija, hayo maji au makongoro?” Nami najiona mama msafi.

Asubuhi moja namwogesha, naona midomo na kucha zimekuwa za bluu kama kashika wino. Halii, kalegea tu. Tulipanda bodaboda mpaka hospitali, njia nzima namwita jina lake.

Daktari akauliza tunakunywa maji gani na tunalima nini. Akasema mbolea tunayomwagia mpunga haimalizwi yote na mpunga. Maji ya mfereji yanaizamisha chini, inafika kisimani. Haionekani wala hainuki. Mtu mzima anaweza asihisi kitu, ila kwa kichanga inazuia damu kubeba hewa. Na kuchemsha hakuitoi, Shangazi! Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Kumbe kwa mkono wangu nilikuwa naizidisha. Nilikaa chini palepale sakafuni.

Alhamdulillahi, Mbwana amepona. Jana kacheka peke yake akitazama pazia.

Sasa kila siku nakwenda bomba la kule juu mlimani, mtoto mgongoni, dumu kichwani. Kwenda saa nzima, kurudi ndiyo usiseme. Mama mkwe bado hasadiki. Anasema Muhsin kakua kwa maji hayohayo. Nikamuuliza, “Kweli mama, ila wakati ule mlikuwa mnatia mbolea?” Akasonya. Lakini juzi nimemwona kakifunika kisima kwa bati na kuweka jiwe juu.

Muhsin naye mbolea anaitia kidogokidogo, wala hafungulii maji mengi kama zamani. Anasema kisima hakitasafika leo wala kesho, labda Mbwana akianza shule. Mimi naamini kitasafika.

Sasa ombi langu. Najua hutakuja kwa mtoto mikono mitupu. Usihangaike na kuku wala kitenge. Niletee dumu moja la maji ya mvua kutoka tangi lako, kifuniko ukikaze vizuri. Wakikucheka kwenye basi kwamba unapeleka maji kwenye mifereji, waache wacheke. Siku hiyo sitapanda mlima. Nitakaa nimpakate mwanangu, nisiende popote.

Nisalimie binamu Afisa na mama Getruda wa jirani. Mungu akulainishie safari, mguu usikuume.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Mwaija, mama Mbwana